Mpenzi Anapokuwa Mkalimani: Kuielewa Filamu ya 2 Days in Paris

Katika nyumba moja mjini Paris, mzee aitwaye Jeannot amempikia mgeni wake sungura. Mgeni ni Jack, Mmarekani wa New York, ambaye kwa miaka miwili sasa ni mpenzi wa Marion, binti wa mzee huyo, na Kifaransa anachokijua ni cha kuombea maji. Wenyeji wanazungumza kwa kasi, wanakatizana, wanacheka, na kila wanapocheka Jack hana budi kumgeukia Marion ili ajue kama kinachochekwa ni chakula, ni habari ya mtaani, au ni yeye mwenyewe aliyekaa na uma mkononi. Marion humtafsiria, lakini humtafsiria kwa ufupi. Maneno mengi yanaingia, machache yanatoka, na katika tofauti hiyo kati ya kilichosemwa na kilichotafsiriwa ndimo filamu nzima ilimojengwa.

Filamu yenyewe ni 2 Days in Paris, iliyotoka mwaka 2007. Julie Delpy, mzaliwa wa Paris aliyepata pia uraia wa Marekani mwaka 2001, aliiandika, akaiongoza, akaihariri, akaitungia muziki na kuigiza humo kama Marion. Jack ameigizwa na Adam Goldberg. Wazazi wa Marion katika filamu ni wazazi wa Delpy katika maisha: Albert Delpy na Marie Pillet, wote wawili waigizaji. Kisa chake kinaelezeka kwa pumzi moja. Wapenzi hao wanaoishi New York wametoka mapumzikoni Venice, na kabla ya kurudi kwao wanapitia Paris kwa siku mbili kumchukua paka wa Marion aliyeachwa kwa wazazi. Katika siku hizo mbili, Jack anakutana na wapenzi wa zamani wa Marion mmoja baada ya mwingine, anagundua kwamba hamjui mwanamke aliyedhani anamjua, na uhusiano wao unafika ukingoni.

Wengi walioieleza filamu hii waliridhika kusema kwamba ni kichekesho kuhusu mgongano wa tamaduni: Wafaransa wako hivi, Wamarekani wako vile, na mapenzi yanabanwa katikati. Si uongo, lakini ni maelezo yanayoishia mlangoni. Mtu akiitazama kwa makini ataona kwamba kinachowagombanisha Marion na Jack hasa ni ukalimani. Kwa siku mbili, mmoja wao anamiliki lugha ya mahali, na mwenzake hana njia nyingine ya kuujua ukweli isipokuwa kupitia kinywa chake. Katika hali hiyo, kila kinachoachwa bila kutafsiriwa hufanana na uongo, hata kama kiliachwa kwa huruma. Utamaduni huingia baadaye, na mara nyingi huingia kama kisingizio ambacho kila upande huukimbilia pindi ukishikwa.

Ili kuona upya wa jambo hili, inafaa kukumbuka jinsi sinema ya Marekani ilivyoitumia Paris kwa miongo mingi. Mji huo ulikuwa dawa. Mmarekani aliyechoka, aliyeachwa au asiyejua kupenda alipelekwa Paris, akapona. An American in Paris ya mwaka 1951, iliyopata tuzo ya Oscar ya filamu bora, ilipigwa sehemu kubwa katika studio za California, kwa hiyo hata mitaa ambayo Gene Kelly alicheza dansi ndani yake ilikuwa Paris ya mbao na rangi, iliyotengenezwa kwa kipimo cha ndoto ya Mmarekani. Miaka 44 baadaye ikaja French Kiss ya Lawrence Kasdan, ambamo Meg Ryan anaifuata Ufaransa kumrudisha mchumba aliyemponyoka na kuishia kumpenda Mfaransa. Mfaransa huyo, mwenye masharubu, lafudhi na shamba la mizabibu analoliota, aliigizwa na Kevin Kline, Mmarekani wa Missouri. Simkosoi Kline, maana alifanya kazi nzuri. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba katika filamu kama hizo ugeni ulikuwa vazi. Chini ya vazi hilo watu wote walizungumza Kiingereza, na hakuna aliyewahi kukaa mezani bila kuelewa anachekwa kwa nini.

Green Card ya mwaka 1990 ilikaribia zaidi ukweli. Peter Weir, mwongozaji kutoka Australia, alimchukua Gérard Depardieu, Mfaransa halisi, akamweka New York katika ndoa ya bandia na Andie MacDowell: mwanamume anataka kibali cha kuishi Marekani, mwanamke anataka nyumba yenye bustani ya vioo ambayo hupangishwa wanandoa tu. Maofisa wa uhamiaji wanapoanza kushuku, wawili hao wanalazimika kukaririana kama wanafunzi kabla ya mtihani: nani hulala upande gani wa kitanda, nani hupaka mafuta gani usoni. Wanajifunza kweli kwa ajili ya kutetea uongo, na katika kujifunza huko wanapendana. Hapo anayeuliza maswali ni serikali. Katika filamu ya Delpy hakuna ofisa wala fomu. Anayehoji ni mpenzi mwenyewe, naye hana kikomo cha maswali.

Kabla ya kuingia zaidi ndani ya filamu, ni lazima tutaje majira yake, kwa kuwa bila hayo baadhi ya ukali wake hauonekani. Tarehe 14 Februari 2003, Dominique de Villepin, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alihutubia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akipinga vita dhidi ya Iraq. Mwezi uliofuata, migahawa ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilibadili jina la chipsi, ambazo kwa Kiingereza cha huko zina jina la Ufaransa ndani yake, zikaitwa chipsi za uhuru, na jina la zamani halikurudi hadi mwaka 2006. Kwa hiyo filamu ilipotoka, Mmarekani aliyeshuka Paris alibeba begani siasa za Rais George W. Bush, apende asipende. Jack hapendi. Mwanzoni mwa filamu, katika foleni ndefu ya teksi, watalii wa Marekani waliovaa fulana za Bush na Cheney wanamwomba awaelekeze, naye anawaelekeza kusiko, akiwaambia waende kwa miguu, ili foleni ipungue na apate kuwakomoa kwa siasa zao.

Tukio hilo ni dogo na linachekesha, lakini lina uzito. Jack, ambaye kwa saa zote zitakazofuata atalalamika kwamba wenye lugha wanamficha mambo, ndiye wa kwanza katika filamu kumdanganya mgeni anayemtegemea kwa sababu ya lugha. Watalii wale walimwendea kwa kuwa alizungumza kama wao. Imani yao ndiyo aliyoitumia. Sijui kama kila mtazamaji hulikumbuka jambo hili saa moja baadaye, Jack anapomtazama Marion kwa jicho la kutaka ukweli wote, lakini aliyeliandika bila shaka hakuliweka pale bure.

Sasa turudi mezani kwa mzee Jeannot, maana hapo ndipo fundo lilipo. Mwaka 1987 Raymonde Carroll, mwanaanthropolojia Mfaransa aliyeolewa na Mmarekani na kufundisha Marekani, alichapisha kitabu kuhusu kutoelewana kati ya mataifa hayo mawili, kikatafsiriwa kwa Kiingereza mwaka uliofuata. Alichambua mambo ya kawaida kabisa: nyumba, simu, urafiki, malezi, mazungumzo. Kuhusu mazungumzo alieleza kwamba kwa Wafaransa kumkatiza mtu anayesema huweza kuwa njia ya kuonyesha kwamba unafuatilia na umechangamka, ilhali Mmarekani huliona jambo hilo kama kunyimwa zamu yake. Kuhusu wapenzi alieleza jambo lililo muhimu zaidi kwetu. Wapenzi wa Kifaransa wanaweza kupingana, kutaniana na hata kugombana mbele ya watu bila yeyote kudhani kwamba penzi lao linayumba, kwa kuwa kuweza kugombana hadharani ni ushahidi kwamba kamba inayowafunga ni imara. Mmarekani hutarajia mpenzi wake awe upande wake mbele ya watu, amtetee, asimwaibishe. Akipingwa hadharani hujiuliza kama bado anapendwa.

Ukiisha kulijua hilo, meza ile hubadilika. Marion anapomcheka Jack pamoja na wazazi wake, kwa kipimo chake anamkaribisha: amemwingiza katika utani wa familia, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili mwenye watani wake hahitaji kufundishwa. Kwa kipimo cha Jack, mtu pekee anayemjua katika nchi hii amehamia upande wa pili wa meza. Wote wawili wana haki kwa kanuni zao, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ana kanuni. Carroll aliziita dhana za namna hii kuwa za wazi zisizoonekana, yaani mambo ambayo mtu huyaona ya kawaida kiasi kwamba hawezi kuyaona tena.

Yako pia maneno yenyewe. Kifaransa kina kitenzi kimoja, aimer, kwa mambo ambayo Kiingereza hugawa katika vitenzi viwili, kimoja cha kupenda kidogo na kimoja cha kupenda sana. Hapa Mswahili yuko karibu zaidi na Mfaransa, kwa sababu sisi pia tunapenda chai na tunampenda mtu kwa kitenzi kilekile. Lakini Kifaransa kina mtego: ukiongeza neno bien, lenye maana ya vizuri, baada ya kumwambia mtu unampenda, penzi halizidi, linapungua. Sentensi inakuwa ya kirafiki tu. Kitenzi embrasser kina neno mkono ndani yake na zamani kilimaanisha kukumbatia, lakini leo kinamaanisha kubusu. Neno copain huweza kuwa rafiki wa kawaida au mpenzi, kutegemea nani anasema, kwa sauti gani, na kama ametanguliza kiwakilishi kimilikishi. Fikiria mwanamume mwenye wivu akitegeshea sikio mazungumzo yaliyojaa maneno kama hayo, huku kila mwanamume anayekutana nao njiani akimpiga Marion mabusu mashavuni, kama desturi ya salamu ilivyo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya Jack ni kwamba kila ishara anayoiona ina maana mbili na ufunguo uko kwa mtuhumiwa.

Hata jina la baba lina jambo ambalo tafsiri haiwezi kulibeba. Jeannot ni jina la utani ambalo Wafaransa humpa sungura katika hadithi za watoto. Mzee mwenye jina la sungura amepika sungura, na mtazamaji wa Kifaransa hulisikia hilo bila kuambiwa, ilhali Jack, na pamoja naye kila mtazamaji asiyejua lugha hiyo, anaona tu mnyama wa kufugwa nyumbani akiwa kwenye sahani.

Hapa tunafikia kile ambacho mimi nakiona kuwa uamuzi mkubwa wa Delpy kama mwongozaji. Wafaransa wanapozungumza Kifaransa, filamu huweka maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mtazamaji anasoma. Jack hasomi. Kwa hiyo sisi tuliokaa mbele ya skrini tunajua zaidi ya mmoja wa wahusika wakuu wawili, na tunajua sawa na yule mwingine, jambo ambalo hutugeuza kuwa washirika wa Marion tutake tusitake. Tunasikia alichosema baba, kisha tunasikia alichotafsiri binti, na tunapima wenyewe kilichopotea njiani. Kicheko chetu hutoka hapo, kwenye lile pengo, na ni kicheko chenye hatia kidogo kwa kuwa kinalipiwa na mtu aliyekaa gizani.

Wasomaji wa Kiswahili wana sababu yao wenyewe ya kuielewa nafasi hiyo. Wengi wetu Afrika Mashariki tulizijua filamu za nje katika vibanda vya video, ambapo sauti ya Lufufu nchini Tanzania au ya DJ Afro nchini Kenya ilifunika sauti za waigizaji na kutueleza kinachoendelea. Msimulizi hakutafsiri neno kwa neno. Alifupisha, alitia chumvi, aliwapa wahusika majina ya mitaani kwetu, na palipokuwa na maneno mengi ya kuchosha aliyaruka. Tulimpenda kwa sababu hiyo. Lakini hatukuwa na njia ya kujua alichokiruka, na hatukuwa na haja ya kujua, kwa kuwa aliyekuwa hatarini ni shujaa wa filamu, si sisi. Jack amekaa katika kibanda hicho, isipokuwa kwamba filamu inayosimuliwa ni maisha yake na msimulizi ni mwanamke anayelala naye.

Kuna matukio mawili yanayoonyesha ugumu wa kazi ya Marion, nami nayaona muhimu kuliko yale ya meza. La kwanza ni la teksi. Dereva anaanza kutoa maneno ya kibaguzi, na Marion, ambaye hana subira na ubaguzi, anamjibu. Ugomvi unapamba moto kwa Kifaransa, sauti zinapanda, na Jack aliyekaa kando yake hana anachokijua isipokuwa kwamba mpenzi wake anampigia kelele mtu aliyeshika usukani. La pili ni la mgahawani. Marion anamkuta mwanamume aliyewahi kuwa naye, na kwa kuwa amejua kwamba mwanamume huyo husafiri hadi Thailand kufanya ngono na watoto, Marion anamvamia kwa maneno na vurugu mbele ya watu wote mpaka mambo yanaharibika kabisa. Ukiyajua maneno, huyo ni mwanamke anayetetea watoto. Ukiyaondoa maneno ukabaki na picha peke yake, huyo ni mwanamke anayemfokea mpenzi wa zamani kwa hasira ambayo kwa kawaida watu humtunzia mtu waliyempenda. Picha ni ileile. Lugha ndiyo inayoamua ni hadithi gani.

Nimeyatazama matukio hayo mara kadhaa, na kila mara nimejiuliza swali lilelile: mkalimani angefanya nini? Mtu hawezi kugombana na kutafsiri kwa wakati mmoja. Aliyewahi kukaa kati ya wakwe na mchumba mgeni, akijaribu kula, kusikiliza, kutafsiri na kulinda heshima ya pande zote, anajua kwamba kazi hiyo humfanya mtu apoteze nafasi yake mwenyewe mezani. Marion amekuja kwao kama binti, lakini kwa siku mbili haruhusiwi kuwa binti tu. Kila anapojisahau akawa yeye mwenyewe kwa lugha ya utotoni mwake, mpenzi wake anabaki nje. Filamu haimsafishi: anadanganya, anapunguza, anaahirisha. Lakini inaonyesha kwa haki ni mzigo gani anaoubeba mtu ambaye ndiye daraja pekee kati ya wapendwa wake.

Suala la wapenzi wa zamani linachanganya zaidi. Marion anaona si ajabu kubaki na urafiki na wanaume aliowahi kuwapenda, wala haoni kwa nini amtolee Jack orodha. Jack anaamini kwamba kutoambiwa ni kudanganywa. Picha ya uchi aliyopigwa na Marion kwa faragha yao, akiwa amefungwa maputo, inageuka kuwa kitu kilichoonwa na wengine, na kuanzia hapo hana tena uhakika ni lipi kati yao wawili ni siri na lipi ni la hadhara. Halafu mama wa Marion naye anafungua ya kwake: kwamba ujanani alikuwa na uhusiano na Jim Morrison, mwimbaji wa Marekani aliyefia Paris Julai 1971 na kuzikwa katika makaburi ya Père Lachaise. Katika nyumba hii yaliyopita hayafungiwi kabatini. Yanakaa mezani pamoja na mkate.

Hapa kuna jambo la nje ya filamu linaloongeza nuru. Marie Pillet, mama huyo wa kweli na wa kuigiza, alikuwa miongoni mwa wanawake 343 waliotia saini tamko lililochapishwa Aprili 1971 nchini Ufaransa, wakikiri hadharani kwamba wamewahi kutoa mimba, wakati ambapo tendo hilo lilikuwa kosa la jinai huko. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote juu ya jambo lenyewe, lakini ukubwa wa kitendo haupingiki: walichukua siri ya ndani kabisa ya maisha yao na kuifanya tamko lenye majina yao. Mwanamke wa kizazi hicho anapomsimulia mkwe mtarajiwa habari za ujana wake, halengi kumwaibisha. Kwake yeye kusema ndiko kulikomweka huru. Jack hawezi kuyasoma hayo usoni mwake. Anachokiona ni mama mkwe asiyekuwa na haya, na anajiuliza kama binti amefuata nyayo za mama.

Basi je, ni mgongano wa tamaduni? Ni mgongano wa tamaduni kwa sehemu, lakini filamu ina uangalifu wa kutoiachia sehemu hiyo ijibu kila kitu. Jeannot anapotembea mtaani na kukwaruza kwa ufunguo magari yaliyoegeshwa ovyo kwenye njia ya waenda kwa miguu, hiyo ni tabia ya Jeannot. Wafaransa wengine wanaomiliki magari hayo hawatasema ni mila yao. Jack, ambaye Venice alishughulika mno na kupiga picha badala ya kumshughulikia mpenzi aliyekuwa kando yake, hana haki ya kusema kwamba Umarekani ndio uliomshikisha kamera. Kila mmoja ana ubaya wake wa binafsi, na kila mmoja akishikwa husema kwamba kwetu ndivyo tunavyofanya. Hii ndiyo hoja ninayodhani wahakiki wengi waliipita haraka. Katika mapenzi ya watu wa mataifa mawili, utamaduni ni maelezo yanayopatikana kwa urahisi mno, na kwa sababu hiyo ni mahali pazuri pa kuficha ubinafsi.

Katika vichekesho vya zamani vya Hollywood, vile vya miaka ya 1930, wapenzi walishindana kwa maneno. Walijibizana kwa kasi, kila mmoja akirudisha mpira, na watazamaji walijua kwamba wanafaana kwa sababu waliweza kuzungumza hivyo. Ushindani huo ulihitaji uwanja ulio sawa, yaani lugha moja ambayo wote wawili waliimiliki. Huko New York, Marion na Jack walikuwa na uwanja huo, kwa kuwa Marion anakimudu Kiingereza barabara. Jack hakuwahi kujua kwamba kwa miaka miwili alikuwa akicheza nyumbani. Paris inapogeuza uwanja, ndipo inapoonekana kwamba usawa wao wa zamani ulikuwa zawadi ya Marion, ambaye kila siku aliuacha upande wake mmoja mlangoni ili waelewane. Sina shaka kwamba hili ndilo jambo la uchungu zaidi katika kisa chote, na halisemwi na mhusika yeyote.

Delpy aliirudia hoja hiyo mwaka 2012 katika 2 Days in New York, safari hii kwa kuwapeleka wenyeji ugenini. Marion anaishi New York na Mingus, mtangazaji wa redio anayeigizwa na Chris Rock, na jamaa zake wanawasili kutoka Ufaransa: baba, dada, na mpenzi wa dada ambaye zamani alikuwa mpenzi wa Marion mwenyewe. Jeannot anakwama forodhani kwa sababu ya soseji na jibini alizozificha mwilini. Mingus yuko kwake, katika mji wake na lugha yake, na bado ndani ya siku hizo anakuwa mgeni katika sebule yake, akimtegemea mkalimani yuleyule. Marie Pillet alikuwa amefariki mwaka 2009, na filamu haikutafuta mwigizaji mwingine wa kujaza nafasi yake. Mama wa Marion naye amekufa katika hadithi, na msiba huo upo chini ya kila kichekesho.

Lakini ni mwisho wa filamu ya kwanza ninaoukumbuka zaidi. Jack, akiwa amemwacha Marion kwa hasira, anakutana na kijana Lukas, mpinzani wa migahawa ya vyakula vya haraka aliyeigizwa na Daniel Brühl, na kwa mara moja anapata mazungumzo marefu bila Marion kukaa kati. Anarudi. Wapenzi hao wanaketi katika nyumba ileile na kuanza ugomvi mrefu wa kusema kila kitu, ule ambao mtazamaji ameusubiri tangu mwanzo. Midomo yao inakwenda, nyuso zinabadilika, machozi yanatoka, lakini maneno yenyewe hatuyapati sawasawa, kwa sababu sauti ya Marion inasimulia juu yake. Anatueleza kwa muhtasari walichoambiana na jinsi alivyoogopa kuanza tena na mtu mwingine, na tunalazimika kumwamini, maana maandishi yaliyokuwa yakitusaidia kumpima hayapo tena chini ya picha. Kwa dakika hizo tumekaa pale alipokaa Jack kwa siku mbili. Anatuambia walibaki pamoja. Filamu ya pili inapoanza, miaka mitano baadaye, wamekwisha kuachana, na Marion anamlea mtoto wao.